Nyumba Isiyotoa Moshi

Kila anayepanda barabara ya Sake kwenda Masisi anaweza kuiona nyumba ya mama yangu. Iko juu Mushaki, mkono wa kushoto, mabati yake yana rangi ya udongo mwekundu, na juu ya mabati hayo kuna kioo kipana kinachong'aa jua likichomoza. Abiria wa pikipiki hugeuza shingo. Wengine huuliza kama ni kituo cha afya kipya. Si kituo cha afya. Ni nyumba ya mjane mkulima wa maharage, ndiyo nyumba yenye joto kuliko zote katika vilima hivi, na aliyeitengeneza ni mimi.

Sikuita fundi kutoka Goma. Nilipanda juu ya paa mwenyewe, nimevaa suruali ya kazi, koleo mfukoni na misumari mdomoni, na watu walisimama barabarani kumwangalia binti wa kilima akitembea juu ya mabati kama anatembea sebuleni. Niliwaacha waangalie. Nilistahili kuangaliwa. Niliondoka hapa na mfuko mmoja wa plastiki, nikajilipia shule kwa kubeba viazi na kabichi katika soko la Sake, nikafika hadi Lubumbashi, nikapata diploma ya umeme nikiwa mwanamke peke yangu darasani. Baada ya hapo nilikaa miaka huko kusini nikiweka taa na maji ya moto katika hoteli ambazo wageni wake hawajui baridi ni nini. Diploma hiyo sasa iko ukutani kwa mama, nyuma ya kioo, na nimeiwekea taa yake ndogo ya pekee. Mgeni akiingia, taa inawaka, anaisoma. Hakuna haja ya mimi kueleza.

Kilichonirudisha ni kifua cha mama.

Watu wa kando ya ziwa hawaijui baridi yetu. Wao huvaa shati wakakaa nje. Huku juu ukungu hushuka kutoka kwenye malisho, hupita katikati ya mbao za ukuta kama mtu wa nyumbani, na asubuhi blanketi lina unyevu. Ndiyo maana mama, tangu baba alipofariki, alikuwa halali tena katika nyumba kubwa. Alilala jikoni, kile kibanda cha nje, kando ya mafiga matatu, chini ya magunzi ya mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moto na kugeuka meusi kwa masizi. Moto wake ulikuwa hauzimiki. Na mama alikuwa akikohoa tangu magharibi hadi jogoo.

Alikwenda Kirotshe, hospitalini. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia waziwazi: aachane na moshi, la sivyo mvua zijazo zitamkuta kitandani. Mama alishukuru, akapanda pikipiki, akarudi, akakaa kando ya moto, akanipigia simu.

"Daktari anasema niache moto," akaniambia. "Sasa miye namuuliza: nikiacha moto, baridi nayo itaniacha?"

Nilifunga mizigo wiki ileile.

Mama si mtu wa kuamrishwa. Amezaa, amezika, ameikimbia nyumba hii kwa sababu ya vita na kuirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila aliporudi aliisimamisha upya kwa mikono yake. Kwa hiyo tulipatana. Mimi nitaitengeneza nyumba kubwa nipendavyo, yeye hatanisumbua. Ikiisha, atalala ndani yake mpaka Jumapili ya sadaka ya mavuno. Siku hiyo ikifika na mwili wake umekubali, atabaki. Mwili ukikataa, atarudi jikoni kwenye mafiga yake.

"Na weye utafunga mudomo," akasema.

"Nitafunga."

"Hapo ndipo pako mashaka," alisema baba yangu mdogo, ndugu wa baba, mwenye ng'ombe, ambaye huja kila asubuhi kumletea mama maziwa na kutoa maoni.

Basi nikaanza. Na kwa kuwa watu wengi sasa wananiuliza nilifanyaje, nitaeleza, maana sina choyo cha elimu.

Mtu anayetengeneza nyumba ya baridi hukimbilia kununua kitu cha kutoa joto. Ni kosa. Kwanza tafuta baridi inaingilia wapi. Nilizunguka nyumba na mshumaa uliowashwa, nikausogeza kwenye kila ufa, na palipotikisika mwali nikaweka alama ya chaki. Nyumba nzima ilikuwa chaki. Nikapigilia ukuta wa pili wa mbao kwa ndani, na katikati ya kuta hizo mbili nikamwaga maranda ya mikalitusi niliyoyachanganya na chokaa ili wadudu wasikae. Juu nikaweka dari ya mbao, na juu ya dari maranda tena, mpaka magotini. Kabla sijaweka hata waya mmoja, nyumba ilikuwa tayari imenyamaza. Upepo ulipiga nje, ndani unasikia saa ya ukutani.

"Unavalisha nyumba koti," alisema baba mdogo kutoka chini ya ngazi.

"Ndiyo, Papa mdogo. Na weye utakuja kuomba ulale ndani yake."

"Miye niko na ng'ombe. Ng'ombe iko na joto, na haiombaki diploma."

Kisha nikageukia jua. Kile kioo cha juu ya paa ni boksi. Ndani yake kuna mabomba meusi yaliyojikunja, maji yanapita humo, jua linayachemsha, yanashuka kwenye pipa lililovalishwa maranda vilevile. Kutoka kwenye pipa, mabomba yanapita chini ya sakafu ya saruji ya chumba cha mama. Ukutani nimeweka kipimo cha joto. Chumba kikipoa, kipimo kinajiwashia pampu ndogo inayotumia betri ya jua, kama taa zote, na maji ya moto yanazunguka chini ya miguu. Chumba kikishiba, pampu inajizima. Mama hana la kufanya ila kuvua viatu. Katika hoteli za kusini walinilipa niifanye kazi hii kwa ajili ya watu nisiowajua. Kuifanya kwa ajili ya nyayo za mama yangu, zenye mipasuko ya shamba, niliimba siku nzima.

Kupikia nilimletea jiko la gesi kutoka Goma. Chupa ilipanda Mushaki imefungwa nyuma ya pikipiki kama mgonjwa.

Taa nilizichagua kwa makini zaidi. Kuna taa nyeupe za dukani zinazoifanya nyumba ionekane kama famasi, hizo nilizikataa. Chumbani kwa mama niliweka za manjano, zenye rangi ya makaa, ili macho yake yasiukose moto ghafla. Hotelini tulikuwa tukiwasha taa kwa simu, lakini huku mtandao huja na kwenda kama ukungu, na nyumba inayosubiri mtandao ili iwashe taa italala gizani. Nilichukua taa zenye jicho: kukiwa giza na mtu akipita, zinawaka, mtu asipotikisika kwa muda, zinazima. Niliziweka chumbani, sebuleni, na nje kuanzia langoni hadi mlangoni. Kote Masisi na Walikale sijasikia nyumba nyingine yenye mambo hayo yote pamoja, na nimeuliza.

Siku mama alipoingia rasmi, alivua viatu mlangoni, akakanyaga saruji, akasimama. Akanyanyua mguu mmoja, akautazama chini, akaurudisha.

"Iko moto," akasema.

"Iko moto, Mama."

"Chini yake kuna nini?"

"Maji."

"Maji iko chini ya nyumba yangu na miye sizami?"

"Huzami."

Akatembea chumba kizima, ukuta hadi ukuta, na mimi nikageuka kando kujifanya nakaza swichi.

Tatizo la kwanza lilikuja jioni ileile, na lilikuwa dogo. Mama husali rozari, na mama akisali hatikisiki. Hata kuku akipita juu ya miguu yake, hatikisiki. Nikiwa sebuleni nikaona chumba chake kimekuwa giza, kisha nikamsikia akisema kwa sauti, "Niko!" Taa ikawaka. Muda kidogo, giza. "Nasema niko!" Alikuwa akipunga mkono wenye rozari hewani. Nilipofungua mlango nilimkuta amepiga magoti, mkono juu, kama anayeita pikipiki barabarani.

"Hii taa yako," akaniambia, "inafikiri nimekufa."

"Inatafuta mwendo, Mama."

"Yesu mwenyewe hanitafutaki mwendo. Nimalize fungu moja, mara tano inanizika!"

Tulicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipokuja kilikuwa kifupi. Nilikisikia kilivyokuwa kifupi. Nikamwahidi swichi ya kawaida kando ya kitanda, ya kubonyeza kwa kidole, na nikaenda kulala nikiwa fundi mwenye furaha kuliko wote Kivu.

Sasa, ili mtu wa mbali aelewe kilichotokea asubuhi, lazima ajue jinsi sisi wa vilima tunavyosalimiana. Nyumba zetu haziko karibu karibu. Kila familia ina kilima chake au ubavu wa kilima, na katikati kuna bonde. Huwezi kuvuka bonde kila siku kuuliza habari. Kwa hiyo alfajiri kila mama akitoka nje hutazama ng'ambo. Moshi ukitoka juu ya jiko la jirani, basi ameamka, ni mzima, salamu imefika. Miaka ile watu walipokuwa wakirudi mmoja mmoja baada ya kukimbia, ni kwa moshi tulijua nani amerudi. Jua likigusa mgongo wa kilima na jiko fulani halijatoa moshi, mtu hutumwa. Na kama nyumba hiyo ni ya mjane mwenye kikohozi, hawatumi mtu mmoja.

Hayo yote niliyajua. Nimezaliwa nayo. Lakini mtu akiwa na mabomba kichwani, moshi hauna pa kukaa.

Niliamshwa na wimbo. Wanawake wengi, sauti nzito, polepole, wakipanda kutoka bondeni katika ukungu. Nilikaa kitandani nikasikiliza, na wazo la kwanza lililonijia, naliandika kama lilivyokuwa, ni kwamba parokia imekuja kuipongeza nyumba. Nilisema moyoni: wamewahi, lakini ni haki yao. Nikavaa kitenge kizuri, nikafungua mlango nikiwa nacheka.

Ukungu ulikuwa umetufunika, uani bado gizagiza ingawa jua lilikuwa limeshagusa kilima. Wa mbele alipokanyaga langoni, taa ya kwanza ikawaka. Wimbo ukayumba. Akapiga hatua nyingine, taa ya pili ikawaka, ya tatu, ya nne, zikimfuata mpaka mlangoni. Mama mmoja wa nyuma alitupa mzigo wake wa kuni na kupiga yowe. Hapo ndipo nilipoona kwamba wote walikuwa na kuni. Vichwani, mafungu makubwa, yamefungwa kwa kamba za migomba. Na nyuma yao alikuwa baba mdogo, amevaa lile koti lake jeusi, jembe begani.

"Karibuni!" nikasema. "Mumeiona?"

Wakanitazama kama mwendawazimu. Wa mbele alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, rafiki wa mama tangu usichana, na mpinzani wake katika maharage, katika kuku na katika kuimba. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mutoto," akasema, "unacheka? Mama yako iko wapi?"

"Iko ndani, kwa kitanda."

"Kwa kitanda! Saa hii!" Akaweka mikono kichwani. "Nilimuacha jana akiwa anatembea, jamani, nilimuacha anatembea!"

Na wote wakapokea kilio. Nilijaribu kusema, lakini mtu mmoja hawezi kushindana na jumuiya nzima ya akina mama. Nilikuwa bado nimenyoosha mikono pale katikati ya sauti zao, mlango ulipofunguka nyuma yangu.

Mama alikuwa ametoka kuoga. Aliyakuta maji ya moto kwenye bomba, akayatumia yote. Uso wake uling'aa kwa mafuta, blanketi mabegani, miguu mitupu, na alikuwa amelala usingizi ambao sikuwa nimemwona nao tangu utoto wangu. Alama ya mto ilikuwa bado shavuni.

"Munamulilia nani?" akauliza.

Taa ya mlangoni ilikuwa imemmulika kama sanamu ya kanisani. Jirani alijifuta macho kwa kona ya kitenge.

"Weye," akasema.

"Miye?"

"Moshi haikukuwa. Tuliangalia, tukaangalia. Jua ilifika kwa mugongo wa kilima, kwako hakuna kitu. Nikasema, basi, imeisha, baridi imemubeba."

Mama alijivuta blanketi mabegani.

"Sasa ile wimbo mumeiimba vibaya," akasema. "Siku yangu yenyewe mutafute muntu wa sauti ya kwanza. Weye mama, unaanzaka chini sana."

Jirani akaanza kucheka huku bado analia, akamkamata mama mabegani akamtikisa blanketi likaanguka. Wote wakaja juu yake. Wengine walimgusa mashavu kuhakikisha. Mama alimwona baba mdogo nyuma yao.

"Na weye, shemeji, jembe ni ya nini?"

"Nilikuwa naenda shamba."

"Shamba yako iko huku kwangu?"

"Nilipita njia."

"Ulikuwa umeshachagua mahali?"

"Pale chini ya mti," alisema baba mdogo, "pako udongo laini." Na hapo hata yeye akashindwa kujizuia.

Nilipika chai ya maziwa ya sufuria kubwa kwenye gesi. Akina mama waliingia, wakavua mabuti yao ya mpira mlangoni, na mmoja baada ya mwingine walikanyaga saruji na kutoa ile sauti ya mtu aliyeshangazwa na nyayo zake. Hawakutaka viti. Walikaa chini, miguu imenyooshwa, wengine wakalaza viganja sakafuni. Jirani alilala kabisa, chali, kitambaa kichwani, akitazama dari.

"Njo hivi wazungu wanalalaka?" akauliza.

"Njo hivi mama yangu analalaka," nikamjibu.

Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko karamu yoyote niliyoiona hotelini. Lakini walipoondoka, mama alisimama uani akitazama lundo la kuni. Lilikuwa kubwa, karibu kufika kifuani mwake. Hakuna aliyeondoka na fungu lake, na hakuna ambaye angeweza. Kuni zikishapelekwa kwenye kilio, mwenye kuzileta harudi nazo kwake. Akirudi nazo, anakipeleka kilio nyumbani mwake. Zilipotupwa ndipo zinapochomwa.

"Hizi ni kuni zangu," mama akasema. "Wameniletea. Lazima niziwashe mwenyewe, nikiwa hai. Sasa niambie, injenieri: nitaziwashia wapi? Kwa sakafu yako?"

Nyumba yangu yote haikuwa na mahali pa kuweka kijiti kimoja.

"Usingizi ilikuwa nzuri," akaendelea taratibu. "Sitadanganya. Lakini miye siwezi kukaa mahali bantu hawajui kama niko. Taa yako inafikiri nimekufa, jirani wangu anafikiri nimekufa. Nitarudi kwa jiko yangu, mutoto. Nitakohoa, lakini watajua ni miye."

Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Mama akikasirika unaweza kubishana naye. Akisema taratibu, ameshaamua. Na niliwaza ile sauti ya kikohozi cha jikoni, na mvua zilizokuwa zikikusanyika upande wa Walikale.

"Jumapili bado," nikamwambia. "Tulipatana mpaka Jumapili."

"Tulipatana," akakubali.

Nilizunguka lundo la kuni. Nililizunguka tena. Watu wengine wakifikiri hukaa, mimi hutembea. Na nadhani nilikuwa nimelizunguka mara nyingi, maana baba mdogo, aliyekuwa bado anakunywa chai yake kwenye ngazi, aliuliza kama natafuta mahali pa kutua. Kisha nikasimama. Daktari hakukataza moto. Alikataza moshi kifuani. Na majirani hawakuhitaji moshi uwe ndani ya mapafu ya mama. Walihitaji uwe juu ya paa. Vitu viwili vilivyokuwa vimekaa pamoja jikoni tangu bibi zetu, vingeweza kutengana kwa urefu wa bomba moja.

Zaidi ya hayo, na hapa nilijipongeza kwa sauti, siku za ukungu jua halichemshi maji. Nilikuwa nimepanga kuongeza betri za kuyachemshia. Sasa moto wa asubuhi ungefanya kazi hiyo bure.

Nilishuka Sake siku hiyohiyo kutafuta bomba la chuma, na niliporudi nalo kwenye pikipiki, refu kuliko sisi wote, watoto wa barabarani walilishangilia kama kombora la amani. Nilitoboa ukuta kati ya sebule na chumba cha mama. Nikajenga jiko la matofali lenye mlango mdogo wa chuma, limefungwa pande zote, moto unaonekana kupitia ufa tu. Nyuma ya moto nikapitisha bomba la maji linalokwenda kwenye lile pipa, ili jua likikosa, kuni zipokee. Shemine, yaani lile bomba refu la kutolea moshi, nikaipandisha kupitia dari, nikaizungushia udongo na majivu isichome maranda, nikaitoa juu ya mabati. Mahindi ya mbegu nilimpangia mama darini, mbali na chuma lakini ndani ya ukavu wake. Na kando ya kitanda niliweka swichi ya kidole, kama nilivyoahidi.

Mama alinitazama kazi nzima akiwa amekaa kwenye kigoda, akimenya maharage. Jumamosi jioni, nilipomwambia jiko limekauka, laweza kuwashwa, alifungua ule mlango wa chuma, akaufunga, akaufungua.

"Utalala wapi baada ya kesho?" nikamwuliza. "Niambie, Mama."

"Kesho uamke mapema," akasema. "Uende ng'ambo, kwa yule mama. Usimame mahali anasimamaka. Weye umejenga nyumba yangu, lakini hujawahi kuiangalia kutoka kule. Utaona moshi inatoka wapi."

Nilielewa. Jiko la zamani lilikuwa bado pale uani, mafiga yake matatu, na kuni zilikuwa katikati ya majengo mawili, umbali uleule.

Nilivuka bonde kukiwa bado na umande mkali. Jirani alinikaribisha na kikombe cha uji, na tukasimama pamoja nyuma ya nyumba yake, kwenye kipande cha ardhi kilichokanyagwa kikawa kigumu kama saruji. Hapo ndipo alipokuwa akisimama maisha yake yote. Ukungu ulikuwa ukipanda polepole. Kwanza tukaona migomba, kisha ua, kisha mapaa mawili: lile jekundu kubwa na lile dogo jeusi la jikoni. Yote mawili hayana kitu juu yake.

"Ameamka?" nikauliza.

"Ngoja."

"Jua linakaribia mgongo."

"Mutoto, ngoja. Miye nimemungojaka tangu ungali tumboni."

Nilimaliza uji bila kuuonja. Jua likagusa mgongo wa kilima, likaanza kuteremka malishoni, na ng'ombe wa baba mdogo wakageuka rangi. Nilianza kuhesabu makosa ambayo sijawahi kuyafanya: labda bomba limeziba, labda mlango unakaza, labda mama ametoka tu na fungu lake la kuni akaelekea kwenye jiko lake la zamani.

Kisha juu ya paa jekundu, kwenye ncha ya bomba langu, kikatokea kitu chembamba kama uzi. Kikakatika. Kikarudi. Kikanyooka.

Nilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia Sake. Jirani alinipiga mgongoni kwa kiganja cha mtu wa jembe, akaanza kuimba, na safari hii alianzia juu. Moshi uliongezeka. Ulikuwa wa bluu, kisha wa kijivu, kisha ukawa mweupe, mnene, unaviringika, mrefu kuliko moshi wa nyumba yoyote kilimani, umesimama juu ya Mushaki kama nguzo, na mtu aliyekuwa njiani kutoka Masisi lazima aliuona.

Jirani alikatiza wimbo. Akakunja macho.

"Huyu anaweka majani mabichi," akasema.

"Mama?"

"Majani ya mikalitusi! Angalia ile rangi! Anatuonyesha! Anajivuna, huyu mwanamuke!"

Ng'ambo, mama alitoka mlangoni mwa nyumba kubwa. Alikuwa mdogo kama punje, lakini niliona akiweka mikono kiunoni, akainua kichwa kulitazama bomba lake, kisha akageuka kututazama sisi. Hakukohoa. Kwa umbali ule nisingeweza kusikia, lakini mtu anayekohoa huinama, na mama hakuinama.

Watu huniuliza nimetoa wapi tabia ya kujisifu. Asubuhi ile nilikuwa nayo mbele ya macho yangu, inapanda mbinguni.

Jirani hakuvumilia zaidi. Alikimbia jikoni kwake, nikamsikia akivunja matawi, na mara moshi mzito ukaanza kutoka pande zote za kibanda chake, mlangoni, madirishani, kwenye nyufa, naye akatoka ndani yake anakohoa na kucheka, akijifuta macho.

"Na miye nataka ile bomba!" akaniambia. "Lini?"

Nikamwambia ningeanza Jumatatu. Nikamwambia pia, ili tusije tukagombana baadaye, kwamba lake litakuwa fupi kidogo kuliko la mama.